Lakiri na Mkia wa Kalamu

Jumatatu, 5 Juni 1769

Mama hakuamka kufungua duka. Tangu nimjue hajawahi kukosa. Nilidhani kaninunia – jana tuligombania mishumaa, anasema nasoma mpaka namfilisi. Nikamgusa paji la uso. Moto! Beneba, mtumwa wetu wa jikoni, akanivuta shati kwa nyuma. Toka hapo Toby, hii homa si ya kuguswaguswa.

Daktari alikuja saa tisa, akamtoa damu bakuli zima, akaondoka anapiga mluzi. Sijui kwa nini mluzi ule umeniudhi hivi. Beneba akaimwaga damu shimoni nyuma ya jiko, akanawa mikono, akarudi kusonga sima ya bamia. Fiba, binti yake wa miaka saba, akaniuliza kama Mama atakufa. Nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa sauti mbaya.

Daftari hili nimelipata kazini, ghalani kwa Bwana Teunis. Liliingia maji ya bahari, akalitupa. Kurasa zimejikunja lakini zinaandikika. Wa kunisomea simtaki.

Jumanne, 6 Juni

Homa imezidi. Ghalani nimekosea barua mbili. Bwana Teunis hakunifokea, alinitania tu: Tobias, ukiukata huo mkia unaouchora chini ya jina lako tutaokoa wino wa mwaka mzima. Makarani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wacheke. Katika mji huu wa Christiansted sina baba, sina jina kanisani, sina kiti shuleni. Nina mwandiko. Mkia wangu una mizunguko mitatu, na wa mwisho unapita chini ya yote kama mjeledi. Mtu akiuona ajue hapa amepita Tobias Orrell. Mkono unauchora wenyewe, siuamrishi.

Alhamisi, 8 Juni

Mama alipata nafuu asubuhi. Akili timamu kabisa – naandika hili makusudi. Alikunywa mchuzi, akauliza nani kalisha mbuzi, akanikosoa kola. Kisha akasema, lete kalamu.

Amesema hivi: nikifa, Beneba na Fiba wawe watu huru, wasiwe mali ya mtu yeyote, na asije mtu akadai sikusema. Nikaandika mstari kwa mstari. Miaka mingapi amemwahidi Beneba! Mwaka mpya. Pasaka. Miwa ikishavunwa. Mwaka mpya tena. Beneba ndiye aliyeninyonyesha mimi, maziwa ya Mama yalipokatika. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, hata hapumui. Mama akatia sahihi. Mkono ulitetemeka lakini sahihi ni yake.

Hati kama hiyo hutaka mashahidi wawili. Bi Aletta, mwenye nyumba, alikuwa uani na dada yake wakichambua mbaazi. Ningetoa kichwa dirishani tu niwaite. Sikuwaita. Juzi nilimsikia Bi Aletta akimwambia dada yake kwamba mwanaharamu wa ghorofani anajiona gavana. Nikasema moyoni, huyo hatatia kidole chake kwenye karatasi yangu. Nikaandika: Shahidi, Tobias Orrell. Na mkia. Ulitoka mzuri kuliko siku zote.

Halafu tukabishana, mimi na Beneba. Huku kwetu mtu akizidiwa, watu wa nyumba huanza kuhamisha. Kijiko kwa jirani huyu, shuka kwa yule, kabla korti ya mirathi haijaja na lakiri yake, nta ya muhuri ya kufungia mali. Kila mtu anajua, na korti yenyewe inajua. Beneba akataka hati aishone ndani ya pindo la sketi yake. Nikakataa. Karatasi ikikutwa kwenye sketi ya mtumwa itaitwa ya wizi. Ikikutwa chini ya lakiri ni ya korti, hata mfalme wa Denmark haigusi.

“Wewe unaamini nta, mwanangu,” akasema.

“Naamini sheria.”

“Haya. Mimi naamini sindano na uzi.”

Lakini mwenye funguo ni mimi. Nimeiweka kwenye kasha la Mama, chini ya vitabu vyangu, nikafunga.

Ijumaa, 9 Juni

Mama amekufa. Saa sita mchana.

Saa saba walikuwa mlangoni. Saa moja tu! Nani aliwaambia? Wadenmark watatu, mbele yao karani wa mirathi, Bwana Holst, miwani imeteleza puani. Mama yuko kitandani hajaoshwa. Wakawasha mshumaa, mmoja wa ile tuliyoigombania, wakayeyusha lakiri na kupiga muhuri. Kasha. Kabati. Mlango wa duka. Tone moja lilidondoka sakafuni karibu na mguu wa Mama, nikalifuta kwa mkono, likaniunguza. Wametuachia kitanda, viti, beseni, na nguo ya kumzikia.

Mmoja akauliza, na hawa je? Akawaonyesha Beneba na Fiba kwa kidole gumba. Holst akasema hawa hawapigwi lakiri, waandikwe tu kwenye orodha, na wasitoke uani bila cheti. Wakacheka kidogo. Hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linalonitia wazimu – hawakuwa hata wabaya!

Beneba ndiye aliyemwosha Mama. Mimi sikuweza.

Jumamosi, 10 Juni

Kasisi amekataa Mama azikwe uwanjani kwa kanisa. Alimkimbia mumewe, mzee Rask. Mzee Rask akamshtaki uzinzi, Mama akafungwa ngomeni miezi mitatu. Akakatazwa asiolewe tena maisha. Akanizaa mimi nje. Kasisi alinisomea yote hayo mlangoni kana kwamba nayasikia leo.

Tumemzika shambani kwa rafiki wa Bwana Teunis, kando ya miwa. Mvua. Watu saba, na watatu kati yao ni wachimba kaburi. Nimelia kama mtoto. Fiba alinishika kidole kimoja akakishikilia njia nzima, kwenda na kurudi.

Jumatano, 14 Juni

Jorgen Rask ameshuka kutoka kisiwa cha Saint Thomas. Mtoto wa ndoa. Tumbo moja na mimi, na sijawahi kumwona. Mama alimwacha ana miaka mitatu alipomkimbia baba yake, na kila Krismasi alikuwa akiweka sahani moja ya ziada mezani na kuiondoa bila kusema.

Ana macho ya Mama. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu, si kwa hilo.

Ndiwe, akasema. Nikasema ndimi. Akazunguka nyumba akihesabu milango. Alipofika jikoni akamshika Beneba kidevu, akamfungua mdomo, akamtazama meno. Beneba alitazama ukuta. Mimi pia nilitazama ukuta.

Jumatatu, 19 Juni

Korti. 

Waliivunja ile lakiri mbele yetu, wakasoma orodha. Masufuria manne. Mbuzi mmoja. Mwanamke mmoja, Beneba, mpishi. Mtoto wa kike mmoja. Vijiko sita. Vitabu ishirini na vinane – vyangu! Warithi: Jorgen Rask, mtoto pekee wa halali. Kisha Holst akasoma bila kubadili sauti: na Tobias Orrell, aliyezaliwa katika uchafu, asiye na haki. Nilisimama wima. Nilikuwa nangoja hati yangu.

Ikatoka. Ikasomwa. Nikaona watu wanageuka kutazamana, nikajivuna, mjinga mimi! Holst akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

“Shahidi wa pili yuko wapi?”

Hakuna.

“Wa kwanza ana umri gani?”

Kumi na minne.

“Ni nani kwa marehemu?”

 Mtu nyuma akajibu kwa niaba yangu: ni kosa lake! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jorgen hakucheka. Holst alingoja wamalize, akaniambia taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Mtoto si shahidi. Mwanaharamu juu ya mali ya mama yake si shahidi. Jina lako hapa, kijana, ni pambo tu.

Pambo!

Lakini hawakuichana. Sahihi ni ya Mama, hilo wamelikubali. Wanataka kujua kama alikuwa na akili zake au homa ilikuwa inasema. Chumbani tulikuwa watatu. Mmoja kafa. Mmoja ni mtumwa, hasikilizwi. Nimebaki mimi, na mimi nitaulizwa tarehe 29. Si kama shahidi wa hati, amesema Holst, bali kama mtu aliyekuwepo.

Nyumbani Beneba alikuwa anakwangua samaki wa chumvi. Afadhali angenipiga. Alisema tu, Bi Aletta alikuwa uani siku ile, Toby. Ulikuwa unamsikia akicheka. Akaendelea kukwangua.

Jumanne, 20 Juni

Jorgen amenialika chai. Kwetu! Kwenye viti vyetu!

Amesema amesikia nina mkono mzuri, akanipa barua zake tatu za korti nizinakili. Nilinakili. Mwandiko wake umelala kushoto kama mlevi aliyeegemea ukuta, herufi kubwa ni kavu, hana mapambo. Alipoona kazi yangu akatikisa kichwa. Ndipo akasema alichoniitia.

Anajua nahodha anayekwenda New York mwezi ujao. Anajua mwalimu huko anayepokea vijana wasio na watu. Atanilipia nauli, na vitabu vyangu atanirudishia vyote. Nami tarehe 29 niseme neno moja. Niseme Mama alikuwa anaweweseka.

“Na Beneba?”

“Atauzwa vizuri. Kuna mtu wa kiwanda cha sukari upande wa kusini anataka mpishi.”

“Na Fiba?”

“Mtu huyo hataki watoto.”

  Nilikunywa chai yote, namwambia nani uongo hapa? Niliinywa nikiwa naiona New York. Nakichukia kisiwa hiki. Nakichukia mpaka meno yananiuma. Ningeondoka hata kwa kuogelea.

Ijumaa, 23 Juni

Beneba anajua. Bi Aletta alisikia kupitia sakafu, akamwambia. Si kwa wema, kwa umbea, lakini kamwambia.

Nilidhani atalia. Alikaa chini kwenye kigoda, akaniita jina langu lote.

“Tobias. Unakumbuka ulivyomwandika Fiba?”

Nilikumbuka. Damu yote ilinipanda usoni. Nilikuwa na miaka tisa, Fiba miwili. Mama aliniambia huyu ni wako, ukikua atakufulia. Nilifurahi! Nikachukua chaki, nikaandika jina langu mgongoni kwa kigauni chake. Na mkia. Akatembea uani siku nzima na jina langu, wageni wanacheka. Beneba alikifua kigauni jioni ile na hakuniambia neno. Miaka mitano hajaniambia neno.

“Chaki ilitoka,” amesema. “Nta haitoki. Sasa nisikilize.”

Kuna watu wa pwani ya magharibi wenye mtumbwi. Wahispania kule Puerto Rico hawamrudishi mtu akishabatizwa. Kila mtu mweusi kisiwani anajua hilo, na kila mtu mweupe anajua kwamba wanajua. Mtumbwi unaondoka Jumapili usiku. Kufika pwani kuna kizuizi barabarani, na askari wa kizuizi hutaka cheti cha bwana. Jumapili watu wengi hupita kwenda sokoni na maboga na mihogo yao, hata hawaulizwi sana. Ila cheti lazima.

Anataka cheti chenye jina la Jorgen.

Nikamwambia wakikukamata watakukata mguu. Hiyo ni sheria, nimeisoma. Akasema naijua, mimi siisomi, naiona ikitembea kwa gongo mjini. Nikamwambia na mimi watanitia ngomeni, chumba kilekile cha Mama. Akasema hilo pia analijua. Hakunibembeleza. Angenibembeleza ningekataa.

Jumapili, 25 Juni

Nimeandika. Baada ya kengele ya kanisa, mezani kwa Mama, barua moja ya Jorgen nimeiegemeza mbele yangu. Mruhusu mtumwa wangu Beneba na mtoto wake wapite kwenda soko la magharibi kuuza mihogo, warudi Jumatatu. Herufi zimelala kushoto. Kavu. Nimeandika kama Jorgen kuliko Jorgen mwenyewe. Wino haujakauka vizuri Beneba akakichukua cheti, akakipepea, akakikunja.

Hakuna aliyesema kwaheri. Alijitwika kapu la mihogo, akamfunga Fiba kilemba. Fiba akauliza kama nitakuja. Nikasema baadaye. Sauti yangu leo haikuwa mbaya.

Mlangoni Beneba alirudi hatua mbili, akanishika sikio kama zamani nilipoiba sukari.

“Wewe si mtoto mbaya,” akasema. “Unajipenda tu.”

Nimewatazama mpaka kona ya ngome. Kapu halikutikisika hata mara moja.

Jumatatu, 26 Juni

Jorgen ameuliza uji uko wapi. Nikasema Beneba kaenda sokoni, nilidhani wewe ndiye uliyemruhusu. Mimi? Nikasema alikuwa na cheti. Akaenda mwenyewe jikoni, akarudi. Akaenda tena.

Jioni ngoma imepigwa ngomeni. Wapanda farasi wanne wameelekea magharibi. Sijala.

Jumanne, 27 Juni

Hawajapatikana. Bwana Teunis anasema upepo umekuwa mzuri siku mbili, akanitazama, akaendelea na mapipa yake.

Nimefikiri sana leo. Wakishafika kwa Wahispania, hati ya Mama haina kazi tena. Haiwaongezei kitu, haiwapunguzii. Basi Alhamisi nikisema Mama aliweweseka nitamuumiza nani? Jorgen anautaka bado ushahidi huo ili awe na haki ya kumdai Beneba kwa Wahispania, na Wahispania hawatampa. Atapata maneno matupu. Mimi nitapata meli.

Mama atanisamehe. Wafu hawahitaji meli.

Nimeisoma tena mistari hii na kalamu nimeichovya niifute. Lakini sitaifuta.

Jumatano, 28 Juni

Askari wa kizuizi amemletea Jorgen habari: alikiona cheti, akakichukua kama kawaida ya cheti cha safari moja, akawapitisha. Kesho atakileta kortini. Jorgen ameapa hajaandika kitu. Usiku wa Jumamosi alikunywa ramu mpaka akalala kwenye ngazi, na Bi Aletta amemwambia hilo mbele ya watu. Sasa hana uhakika na mkono wake mwenyewe! Nimeingia stoo nikacheka, kiganja mdomoni, mara ya kwanza tangu Mama afe.

Ameniambia kesho nikisema vizuri nauli ni yangu, cheti au pasipo cheti. Nimefunga fulana mbili kwenye kitambaa.

Alhamisi, 29 Juni

Naandika kwenye benchi la korti, daftari gotini. Wananiona na hawanikatazi. Wamezoea makarani.

Wapanda farasi wamerudi bila kitu. Mtumbwi haujaonekana, si mzima, si mbao zake. Siku nne. Beneba anaweza kuwa amefika. Anaweza kuwa chini ya maji na Fiba na kapu lake la mihogo. Au wamejificha vichakani bado wanangoja, na farasi watatoka tena leo hii. Hakuna mtu chumbani humu anayejua.

Nitaitwa wa tatu. Nimeshayapanga maneno yangu: alikuwa na homa kali, bwana, alikuwa hajui asemalo. Maneno machache, si mengi. Jorgen kakaa mbele, ananigeukia kwa macho ya Mama.

Askari wa kizuizi amekabidhi cheti. Holst anakisoma. Anamwonyesha Jorgen, na Jorgen anasema mwandiko ni kama wangu, lakini sikuandika, naapa. Wanabishana. Holst anavua miwani, anaivaa tena. Anaisogeza karatasi dirishani.

Ameacha kubishana.

Anaomba hati ya Mama. Wanampa. Anaziweka mezani bega kwa bega, ya Mama na ya Jorgen, na kidole chake kinashuka chini ya jina la hii, kisha chini ya jina la ile. Anazungusha kidole mara tatu. Mzunguko wa mwisho unapita chini ya yote.

Mungu wangu. Sikumbuki kuuchora. Chini ya jina la Jorgen! Sikumbuki!

Nikisema mkia wa cheti ni wangu, ni ngome, na watanibana niseme mtumbwi ulikuwa wa nani na uliondokea wapi. Nikisema si wangu, kwamba mtu yeyote anaweza kuchora mizunguko mitatu, basi na ule wa hati ya Mama si wangu pia, na hati ni ya kughushi, na Mama hakusema kitu siku ile. Holst amelielewa hilo kabla yangu. Ndiyo maana hana haraka.

Jorgen anazitazama karatasi. Ananitazama mimi. Anaanza kutabasamu, polepole.

 Bi Aletta yuko nyuma, ametoa hata mbaazi mdomoni.

Holst anasema, Tobias Orrell, simama. Anasema, nionyeshe kwa mkono wako mwenyewe. Andika jina lako hapa. Anasogeza kidau cha wino upande wangu, na karatasi tupu.